Dayari ya karatasi au kalenda ya simu? Mwezi huu nimeumbuka mara mbili, nisaidieni

#1 Fundi_Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike hapa Tanga mjini, Ngamiani, kwenye barabara za namba. Naenda moja kwa moja.

Tangu nianze kazi oda zote naziandika kwenye kaunta buku. Jina, vipimo, mshono, katanguliza ngapi, anachukua lini. Mwaka huu mwanangu aliye chuo akaniambia, mama bado unaishi zama za Mjerumani. Akaniwekea kalenda kwenye simu, akanifundisha kuandika miadi na kuweka kengele.

La kwanza. Kamati ya harusi ilikuwa inakuja kuchukua vipimo vya sare, watu 22. Tukaagana Jumamosi saa 4 asubuhi. Nikaandika saa 4 asubuhi. Simu ikanililia saa 10 alfajiri! Nikaizima nikijua ni kengele ya swala, haikulia tena. Saa 4 yenyewe mimi niko Mgandini natafuta zipu. Wamekuja wamekuta kufuli, kazi wakapeleka kwa fundi mwingine.

La pili ni la karatasi, msije mkasema naionea simu. Chai imemwagikia kaunta buku. Oda moja imebaki hivi: kitenge cha kijani chenye kasuku, gauni la mikono mifupi, kiuno 34, katanguliza 15,000. Jina limefutika, imebaki herufi ya mwisho tu, "a". Namba ya simu hakuna. Sasa niambieni ni mwanamke gani wa Tanga jina lake haliishii na a.

Swali langu: kwa mtu anayeishi kwa miadi, kipi kinafaa? Nirudi kwenye karatasi jumla, au nikomae na simu?

#2 Siti_ya_Mbele
Wa kwanza. Nasubiri wajuzi.

#3 DogoWaKange
Simu, bila kupepesa macho. Karatasi haina bakapu. Oda ya kasuku ingekuwa kwenye simu, chai ingemwagika, ungefuta kioo na maisha yangeendelea. Hata simu ikiibiwa, unaingia na akaunti yako kwenye simu nyingine unakuta kila kitu.

Hilo la kengele si kosa la simu mama yangu. Simu haijui saa za Kiswahili. Saa 4 yetu ni 10:00 yake. Kanuni: jumlisha 6. Saa 8 mchana ni 14:00. Basi.

#4 Mwl_Mstaafu
Kwanza tusahihishane. Msiseme "dayari". Ni shajara. Na shajara ni ya yaliyokwisha kutendeka, unaandika jioni leo kumetokea nini. Anachokizungumzia fundi ni ratiba. Ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiyo mwanzo wa matatizo.

Mimi nimefundisha miaka 31. Azimio la kazi liliandikwa kwa mkono, andalio la somo kwa mkono, na mwishoni mwa kila somo kuna sehemu ya maoni: limefundishwa, halikufundishwa, kwa nini. Hapo ndipo ratiba inakutana na shajara. Simu inakuonesha ulichopanga. Ukishapitisha, limepita.

#5 Kahawa_Chungu
Mwalimu shikamoo. Nenda duka lolote la vifaa vya shule hapo Ngamiani ukaombe shajara. Watakuletea mti, maana kwa Kiarabu shajara ni mti.

#6 Mwl_Mstaafu
Marahaba. Wakiniletea mti nitapanda.

#7 MuuguziUsiku
#3 kanuni yako ni nusu, itamponza mwenzio tena. Jumlisha 6 ni kwa saa za mchana tu, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Saa za usiku jumlisha 18, na ikizidi 24 toa 24. Saa 1 usiku ni 19:00. Saa 10 alfajiri: 10 na 18 ni 28, toa 24, ndiyo 04:00 iliyokuamsha fundi. Sisi wodini tunaandika kwa saa 24 kwenye chati, halafu ndugu wa mgonjwa tunamwambia kwa saa za kwetu, dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ukikosea hapo si sare unayopoteza.

Mimi natumia vyote. Ratiba ya zamu iko kwenye simu kwa sababu inabadilika kila mara na mume wangu anaiona. Lakini ripoti ya kukabidhi zamu lazima kijidaftari cha mfukoni. Usiku wa manane mikono ina glavu, huwezi kukwangua kioo.

#8 DogoWaKange
Nimekubali dada, 18 niliisahau.

#9 Mwl_Mstaafu
Hakuna haja ya hesabu zote hizo. Tazama saa ya mshale. Mshale mfupi ukielekea 10, mkia wake unaelekea 4. Saa ya Kiswahili ndiyo ule mkia. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanaielewa kwa siku moja.

#10 Kahawa_Chungu
Mwalimu simu ya fundi haina mshale, ina tarakimu. Ndio ugomvi wenyewe huo.

#11 Mama_Vitumbua
Mimi sina la kuchangia ila kuwasema mafundi. Fundi hata umshushie malaika wa kumwandikia, nguo yako utaipata usiku wa kuamkia shughuli, ina uzi unaning'inia na pini mbili ndani. Mimi kuna mmoja nimempa kitenge na hela nimetanguliza, mwezi wa pili huu hajanipigia. Nikipita kafunga. Nimekaa kimya namtazama.

#12 Fundi_Ngamiani
Mama_Vitumbua pole mwaya, mafundi wengine wanatuharibia jina. Muuguzi ahsante, nimeiandika hiyo 6 na 18 kwa chaki ukutani.

#13 Msomi_Raskazone
Wakuu hili lilishafanyiwa utafiti. Wajapani wamethibitisha kuwa kuandika kwenye karatasi kunaufanya ubongo ukumbuke zaidi kuliko simu. Walipima maelfu ya watu kwa mashine za kupiga picha ubongo. Kesi imefungwa, fundi rudi kwenye karatasi.

#14 Tarakimu
Maelfu? Nimeusoma ule utafiti. Ni wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ulitoka 2021. Watu walikuwa 48, wa miaka 18 mpaka 29. Walipewa mazungumzo yenye miadi na tarehe za kukabidhi kazi, waandike kwenye kalenda. Kundi moja dayari ya karatasi, la pili tableti yenye kalamu, la tatu simu. Wa karatasi walimaliza kwa dakika kama 11, wa tableti 14, wa simu 16. Baada ya saa moja wakaulizwa maswali huku wanapigwa picha za ubongo. Wa karatasi walipata zaidi kwenye maswali mepesi, na sehemu za ubongo za kumbukumbu zilionekana kuchangamka zaidi.

Kwa hiyo kuna kitu, sikatai. Lakini vijana 48 wa Japani waliokaa kimya chumbani si fundi wa Ngamiani ana wateja wanne mlangoni na overloki inanguruma. Na pia walipimwa kukumbuka baada ya saa moja. Fundi anataka akumbuke baada ya wiki tatu.

#15 Msomi_Raskazone
Sawa, 48. Lakini hoja inabaki palepale. Na kuna ule mwingine wa Marekani wa 2014, wanafunzi walioandika kwa mkono walielewa somo kuliko wa kompyuta.

#16 Tarakimu
Ule wenzao waliurudia 2019 na hawakupata tofauti ya wazi kama ile ya kwanza. Soma yote mkuu, usisome vichwa vya habari.

#17 Kahawa_Chungu
Mimi sihitaji Mjapani kuniambia. Kwenye karatasi unakumbuka *mahali*. Unajua yule mteja nilimwandika ukurasa wa kushoto, chini, pembeni ya doa la mafuta. Simu kurasa zake zote zinafanana, ukishapandisha juu limepotea. Doa la mafuta nalo ni kumbukumbu.

#18 Fundi_Ngamiani
Kweli hiyo! Wateja wangu wengi nawajua kwa ukurasa. Ila huyu wa kasuku doa ndilo limemmeza.

#19 Nahodha_Sahare
Assalaam aleikum. Sisi wa baharini mnatusahau. Hiyo kalenda yenu yote, ya karatasi na ya simu, inaanzia kwenye jua. Kazi yetu inakwenda na mwezi. Maji kila siku yanachelewa kama dakika 50. Leo yakijaa saa 10 kamili, kesho ni saa 11 kasoro dakika 10. Sasa niwekee hiyo kwenye simu ijirudie kila siku. Itakulilia muda uleule mpaka uote mvi, na maji yako kwingine.

Bamvua, yaani maji makubwa, linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati maji mafu, yale madogo. Hayo tunayajua kwa kutazama juu. Wazee waliotangulia walikuwa na hesabu yao ya mwaka, siku 365, wanahesabu miongo, kila mwongo siku kumi, kuanzia siku ya mwaka. Mtu anakuambia mwongo wa ngapi tunaingia kusi, na hana daftari wala kitochi.

#20 DogoWaKange
Babu shikamoo. Siku hizi kuna programu za maji kujaa na kupwa, unaweka Tanga inakupa wiki nzima.

#21 Nahodha_Sahare
Marahaba mjukuu wangu. Ninayo, kaniwekea mtoto wa dada yangu. Inasema kweli. Ila jua likiwaka juu ya kioo pale kati ya bahari sioni kitu, na mikono ina maji ya chumvi kioo hakisikii kidole. Kwa hiyo jioni nyumbani nanakili kwa penseli kwenye kikaratasi, naweka kwenye mfuko wa nailoni. Penseli, si kalamu. Penseli haichuji hata ikizama.

#22 Muuza_Daftari
Nahodha kanigusa kazini kwangu, ngoja niseme. Fundi, nakuhakikishia uliandikia kalamu ya jeli. Wino wa jeli ni wa maji, na wa kalamu nyingi ukilowa unatawanyika. Bolpeni ya kawaida wino wake ni wa mafuta, chai ikimwagika karatasi itakunjamana na kuwa ya kahawia lakini maandishi utayasoma. Watu wanapenda jeli kwa sababu inateleza vizuri.

La pili, kaunta buku nunua la kushonwa kwa uzi, usinunue la gundi. Huku kwetu unyevu wa bahari gundi inaachia, mwezi wa nne karatasi zinatoka moja moja kama kadi za karata. La kwaya 3, lile nene, linakutosha mwaka mzima.

#23 Kahawa_Chungu
Tangazo la biashara limepita kimyakimya.

#24 Muuza_Daftari
Sijataja duka mkuu. Fundi kwa fundi tunasaidiana.

#25 MgeniTanga
Mimi nimetoka bara, nina miaka mitatu hapa, bado naitwa mgeni. Nawaletea kisa ambacho hakuna simu wala karatasi ingeniokoa. Nilialikwa harusi, mzee kaniambia kwa mdomo "usiku wa Jumapili". Nikaweka kwenye simu: Jumapili, 20:00, kwa saa sahihi kabisa, na kengele mbili. Jumapili nimevaa, nimebeba zawadi yangu, nafika nakuta watu wanakunja majamvi na kuosha sufuria. Shughuli ilikuwa jana yake.

#26 Kahawa_Chungu
Hahaha! Waja leo waondoka leo, wewe umekuja kesho.

#27 Nahodha_Sahare
Hawakukosea waliokualika. Usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Jumamosi, hapo Jumapili imeingia. Usiku wa Ijumaa ni ule wa baada ya Alhamisi, ndivyo tulivyokuta.

#28 MgeniTanga
Na simu inabadili tarehe saa 6 usiku. Kwa hiyo kati ya magharibi na saa 6 usiku mimi na mwenyeji wangu tuko siku mbili tofauti.

#29 Mwl_Mstaafu
Ndiyo maana ya kusema "usiku wa kuamkia". Mama_Vitumbua kaitumia vizuri kule juu. Ukiandika "usiku wa kuamkia Jumapili" hakuna wa kupotea, awe wa pwani au wa bara.

#30 Fundi_Ngamiani
Jamani! Ndiyo maana kuna wateja wanakuja kudai nguo siku moja kabla na wanagomba. Mimi nilidhani wana haraka zao.

#31 Binti_Muskati
Nipo Muskati kikazi, nyumbani Chumbageni. Huku tuko mbele ya nyumbani kwa saa moja. Niliweka miadi yote ya likizo kwenye kalenda ya simu nikiwa hukuhuku. Nimetua nyumbani, kila kitu kimerudi nyuma saa moja. Miadi ya daktari wa meno niliyoiandika saa 4 ikanionesha saa 3. Nikawahi nikakaa benchi, hilo si baya. Baya ni wakati wa kurudi. Miadi niliyokuwa nimeiweka nikiwa Tanga ilisogea mbele saa moja, na ile ndiyo nikachelewa. Kijana mmoja wa kompyuta akaniambia simu iko sahihi, inafuata ukanda wa saa. Sawa, iko sahihi. Nimechelewa kwa usahihi.

Siku hizi za likizo naandika kwenye karatasi nyuma ya pasipoti. Karatasi haipandi ndege ikabadili mawazo.

#32 DogoWaKange
Dada unaweza kuifunga kila miadi kwenye ukanda unaotaka, iko kwenye mipangilio.

#33 Binti_Muskati
Najua sasa. Nilikuwa sijui wakati ule. Ndio shida ya simu, unajua baada ya kuumia.

#34 Mhasibu_Bandarini
Naona wote mnazungumzia mtu mmoja na kumbukumbu zake. Mimi ofisini tuko sita kwenye kazi ya kutoa mizigo. Meli ikichelewa kutia nanga, ratiba ya watu sita inabadilika kwa pamoja. Zamani kulikuwa na dayari moja kubwa mezani kwa bosi. Bosi akitoka na funguo ya droo, hakuna anayejua kesho kuna nini. Tangu tuhamie kalenda ya pamoja ya Google mtu mmoja akibadilisha wote tunaona. Hapo karatasi haina ubishi, imeshindwa.

Ila nikitoka ofisini sitaki kuiona. Mambo yangu mwenyewe yako kwenye zile dayari za bure tunazogawiwa na makampuni mwezi wa kumi na mbili.

#35 Kahawa_Chungu
Dayari za bure! Januari kurasa zimejaa hadi pembeni, Februari kidogo, Machi kuna orodha ya michango ya harusi, kuanzia Aprili watoto wanachorea magari.

#36 Mhasibu_Bandarini
Umeingia lini chumbani kwangu?

#37 Msomi_Raskazone
Hizo dayari za kupanga siku zina historia. Alizianzisha Benjamin Franklin, ndiyo maana kuna zile zinaitwa Franklin. Alikuwa anaamka saa 5 asubuhi anapanga siku nzima.

#38 Tarakimu
Msomi leo umeamua. Kwanza, alipanga kuamka saa 5 ya simu, yaani saa 11 alfajiri yetu. Saa 5 asubuhi ya kwetu unaamka umepanga nini? Pili, Franklin alijiandikia ratiba ya siku na daftari la kujipima tabia, ni kweli, yamo kwenye habari za maisha yake. Lakini dayari zenye jina lake zilianza 1984, biashara ya Mmarekani anaitwa Hyrum Smith. Alichukua jina tu. Na dayari za kuchapwa kwa ajili ya kuuzwa zilikuwepo London tangu 1812, za John Letts. Karne ya 20 ndipo zikaja zile za pete za kuongeza na kutoa kurasa.

#39 Msomi_Raskazone
Ahsante mkuu. Nimejifunza kwa aibu.

#40 MuuguziUsiku
Nirudi kwa fundi maana uzi unapepea. Fundi, simu yako ni ya aina gani? Nyingi za siku hizi ukiwasha kubana chaji, zinazima programu za nyuma kimyakimya, na kikumbusho cha kalenda kinachelewa au hakitoki. Kengele ya saa yenyewe mara nyingi inalia. Kwa hiyo miadi mikubwa usitegemee kalenda, weka kengele kabisa.

#41 Mama_Vitumbua
Zile Nokia za zamani ulikuwa unazima simu unalala, na alfajiri inalia vilevile. Nimeamkia vitumbua miaka sita kwa kitochi kilichozimwa. Hizi za kioo, nyingi ikizima ndiyo imezima, nawe umelala, na unga umeumuka mpaka unamwagika.

#42 DogoWaKange
Hilo la Nokia ni kweli, nimemuuliza baba kathibitisha.

#43 Bajaji_ya_Mikanjuni
Mimi nasema tofauti na wote. Fundi shida yake si karatasi wala simu. Anapokea kazi kuzidi mikono. Mimi nina wateja wa kudumu wa asubuhi, watoto wa shule. Nikipokea wa sita, hata nikiandika kwa wino wa dhahabu, mmoja atachelewa. Daftari halishoni nguo. Fundi, kwa wiki unamaliza gauni ngapi?

#44 Fundi_Ngamiani
Za kawaida, nane au tisa. Umeme ukitulia.

#45 Bajaji_ya_Mikanjuni
Na unaandika ngapi?

#46 Fundi_Ngamiani
Kaka achana na mimi.

#47 Kahawa_Chungu
Limempata.

#48 Fundi_Pongwe
Mimi ni fundi mwenzenu, suruali na mashati. Bajaji kasema kweli lakini hajamaliza. Kuna kitu hakuna aliyekisema. Mteja akiniona nafungua daftari, nachukua kalamu, naandika jina lake mbele yake, anatulia. Wengine wanainama kuhakikisha nimeandika tarehe. Ile ni kama hati. Siku nilipoanza kubofya simu, mama mmoja akaniambia "ukimaliza kuchati utanisikiliza". Nilikuwa naandika kiuno chake!

Na upande wa pili: kilichoandikwa mbele ya mtu unaona haya kukivunja. Kwenye simu nabofya "sogeza kesho", hakuna anayeniona. Mwaka jana kuna shati moja nimelisogeza mara kumi na moja. Kwenye daftari ningelazimika kulikata na kuliandika upya mara kumi na moja, mkono ungechoka ningelishona.

#49 Tarakimu
Hii ni nzuri kuliko utafiti wa Tokyo.

#50 DogoWaKange
Piga picha ukurasa wa daftari kila jioni. Karatasi umepata, bakapu umepata. Sibishani tena na wazee.

#51 Mwl_Mstaafu
Kijana ameanza kukua.

#52 Bajaji_ya_Mikanjuni
Na Idi je? Fundi msimu wako ni Idi, si harusi. Mwaka jana kalenda ya simu yangu ilikuwa imeshaandika siku ya Idi miezi kabla.

#53 Nahodha_Sahare
Hiyo ni hesabu. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, na huku unasubiri uandame. Simu haipandi kwenye paa kutazama. Na kila mwaka Idi inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo ukisema "mwaka jana tarehe fulani nilikuwa nimemaliza", mwaka huu umeshachelewa.

#54 Fundi_Ngamiani
Hilo nalijua Nahodha. Kwa Idi huwa nafunga kupokea nusu ya Ramadhani, na ahadi zote naziweka mwezi 27. Ukiandama 29 nimepona, ukienda 30 nimepata siku ya kupiga pasi.

#55 Bajaji_ya_Mikanjuni
Sasa mbona kwa Idi unaweza kukataa kazi, na kwa harusi huwezi?

#56 Kahawa_Chungu
Bajaji mwache mama wa watu.

#57 Fundi_Ngamiani
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Ahsanteni wote. Nilichofanya: kaunta buku jipya la kushonwa, bolpeni nyeusi, nimelifunga kwa kamba kwenye mguu wa cherehani lisitembee. Chai nanywea nje barazani. Jioni mwanangu mdogo anapiga picha kurasa za siku hiyo. Kwenye simu nimebakisha kengele tu, kwa zile za 6 na 18 nilizoandika ukutani.

Mpaka sasa sijakosa miadi. Ila juzi niliandika mteja wa "usiku wa Alhamisi" na nimekaa siku mbili sijui nilimaanisha upi. Na Bajaji, wiki hii nimeandika gauni kumi na nne. Usiseme kitu.

#58 Bajaji_ya_Mikanjuni
Sijasema.

#59 Mama_Vitumbua
Samahanini, leo ndiyo nimerudi kulisoma bandiko la kwanza vizuri, mwanzo nilipita juujuu. Fundi, huyo kasuku yuko kwenye kijani cha majani ya mgomba, na pindo lina mstari wa njano? Mikono mifupi yenye marinda? Maana mimi jina langu linaishia na a, na nilitanguliza 15,000.

#60 Fundi_Ngamiani
Uwiii! Ni wewe?! Mwezi mzima nakutafuta! Nguo iko tayari kukatwa, nilikuwa naogopa kuikata bila mwenyewe.

#61 Kahawa_Chungu
Fundi usitoe kitenge hivihivi. Muulize kwanza kasuku anatazama kulia au kushoto. Tanga hii.

#62 Mama_Vitumbua
Kasuku wako wawili, wanatazamana. Fundi, kile kiuno 34 kikate, niandike upya. Ni miezi miwili na mimi nauza vitumbua. Nakuja kesho saa 4 nipimwe.

#63 Fundi_Ngamiani
Nimeandika, na kengele nimeweka 10:00. Nitakuwepo.